Marvel, acheni kumwangusha Rhodey kila Tony Stark anapotafutiwa sababu ya kulia

Wakuu, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Kila ukifunguliwa uzi wa Iron Man (yaani Tony Stark, tajiri wa silaha wa komiki za Marvel anayepigana ndani ya vazi la chuma) humu ndani, lazima atokee mdau aseme James Rhodes, yaani Rhodey, yaani War Machine, ni mpambe wa Tony Stark aliyevalishwa suti ya kuazima. Anaungwa mkono na wengine kumi, mjadala unafungwa. Siwalaumu sana. Mtu aliyemjua Rhodey kwenye muvi peke yake, tena baada ya kile walichomfanyia 2023, atamwonaje vingine? Lawama zangu ni kwa wanaomwandika. Wamekabidhiwa rubani wa vita, mmoja wa wahusika wasaidizi bora kabisa kwenye komiki za Marekani, na kwa zaidi ya miaka 40 wanamrudisha kwenye kazi ile ile: apigwe, avunjike au afe, ili mwenzake apate uchungu wa kumpeleka kurasa zinazofuata.

Tuanzie alikotoka, maana wengi hawapajui.

Rhodey anatokea mara ya kwanza kwenye jarida la Iron Man namba 118, Januari 1979, mikononi mwa David Michelinie, Bob Layton na John Byrne. Hapo ni rubani binafsi wa Stark, basi. Hana suti wala bunduki begani. Halafu 1981, kwenye namba 144, ndipo tunasimuliwa walikutana vipi. Ni Vietnam, wakati wa vita. Rhodes ni rubani wa helikopta wa kikosi cha Marine cha Marekani, ametunguliwa kwa roketi na yuko porini na chombo chake kibovu. Stark naye ndiyo kwanza ametoroka utumwani na lile vazi lake la kwanza zito, nguvu zimemwishia. Kinachomwokoa ni betri za helikopta ya Rhodey. Anachaji vazi kwa umeme wa chombo kilichotunguliwa, wanakata msitu wawili, wanaikuta kambi ya siri ya roketi za adui, wanaiba helikopta pale pale, wanaisambaratisha kambi na kuruka hadi upande wa Wamarekani. Anayerusha ni Rhodey.

Soma tena hapo, mkuu. Iron Man alitoka msituni kwa betri ya Rhodey, na usukani ukiwa mikononi mwa Rhodey. Stark alipompa ofa ya kazi, jamaa hakuikimbilia. Alikuja kuikubali baadaye sana, vita vimekwisha na ameshapita kwenye kazi nyingine. Huyo ndiye mnayemwita mpambe? Mtu mweusi kutoka Philadelphia anayerusha helikopta katika vita ile, na tajiri wa silaha ndiye anayehitaji msaada wake? Waliomuumba walijua wanafanya nini.

Sasa ona kilichofuata.

Mwaka 1983, Denny O'Neil akiwa mwandishi na Luke McDonnell akichora, Stark amezama kwenye pombe. Namba 169 anashindwa kusimama mbele ya adui anayeitwa Magma, anazimika kabisa, na Rhodey analivaa vazi kwa sababu hakuna mwingine wa kulivaa. Kuanzia hapo hadi 1985, Iron Man ni Rhodey. Yule Iron Man wa komiki za Secret Wars za 1984 ni Rhodey. Yule aliyekuwemo kundi la mashujaa la West Coast Avengers lilipoanzishwa ni Rhodey. Nimebishana na watu wanaojiita mashabiki wa Marvel tangu utotoni na jambo hili hawalijui. Kwa nini hawalijui? Kwa sababu Marvel wenyewe wanakiongelea kipindi hicho kama vile kiti kilikuwa wazi na mtu akakikalia kwa muda.

Na hata walipompa hiyo nafasi, hawakumwacha aifurahie. Walimpa maumivu ya kichwa. Mwanzoni tunaambiwa kofia ya chuma ilitengenezwa kwa ubongo wa Stark, haimkubali. Baadaye anapelekwa kwa Shaman, mganga wa kundi la mashujaa la Alpha Flight, na inaonekana tatizo liko moyoni: anahisi hastahili kulivaa vazi hilo. Rubani aliyetunguliwa vitani akatoka mzima, aliyeingia kwenye chombo asichokijua na kukirusha siku ile ile, ndiye ahisi hastahili? Kama mtu mmoja duniani alikuwa tayari kwa kazi ile ni yeye. Kurusha chombo unachokipata dharura, huku watu wanakupiga risasi, ndiyo taaluma yake! Mwandishi alikuwa na hazina mkononi, akaamua kuandika unyonge.

Kisha unakuja mwisho wa kipindi hicho, na hapa ndipo mchezo wote ulipoanzia. Namba 199, bomu la Obadiah Stane, hasimu wa Stark kibiashara, linalipuka pale Circuits Maximus, kampuni mpya ya kina Stark. Mwenzao Morley Erwin anakufa, Rhodey anaumia vibaya. Stark anapandwa na hasira, anavaa suti mpya nyekundu na ya fedha, na namba 200, Novemba 1985, anakwenda kulipiza. Toleo la kishujaa, wote wanalisifu. Steringi amerudi, na nauli ya kumrudisha imelipwa na mwili wa Rhodey.

Mwaka 1992 wakarudia kwa namna nyingine, na hii inaniuma zaidi kwa sababu kisa chenyewe kilikuwa kizuri. Len Kaminski na Kevin Hopgood walileta lile vazi jeusi na la fedha lenye silaha hadi mabegani. Stark anadaiwa kufa, anamwachia Rhodey kampuni na vazi. Rhodey anamlilia rafiki yake, anabeba biashara nzima, anapigana. Kumbe Stark hajafa, amejificha, na hakumwambia. Rhodey alipogundua aliondoka, na vazi akaenda nalo. Safi kabisa! Hapo ndipo War Machine alipozaliwa, kutokana na mtu kukataa kuchezewa. Ukiniuliza, zile kurasa za ugomvi wao ndizo bora katika miaka yote hiyo, maana kwa mara moja mwandishi alimpa Rhodey haki ya kukasirika kwa ajili yake mwenyewe.

Akapata jarida lake 1994. Lilianza kwa hadithi ya Imaya, nchi ya Afrika ya kubuni yenye dikteta wa kubuni, ambako mtetezi wa haki za binadamu Vincent Cetewayo ametekwa na wakubwa wa S.H.I.E.L.D., shirika la kijasusi la komiki hizi, hawataki kuingilia. Nina manung'uniko yangu na Imaya. Sisi tunaosoma kutoka Afrika tumechoka kuona bara zima likikunjwa kuwa nchi moja ya kubuni yenye rais katili na mtetezi mwenye jina la Kizulu. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa zito: mwanajeshi wa zamani mwenye nguvu kubwa afanye nini anapoona dhuluma nje ya mipaka ya nchi yake, na serikali yake inamwambia akae kimya? Swali hilo linamfaa Rhodey kuliko Stark. Jarida likaisha 1996 likiwa na matoleo 25.

Baada ya hapo ni kuanzishwa na kukatwa. The Crew ya Christopher Priest, 2003, kazi bora mno, ilizimwa baada ya matoleo 7. Ya Greg Pak iliyoanza 2008 matoleo 12. Iron Man 2.0 ya 2011 ikaishia namba 12. Iron Patriot ya 2014, matano. Matano! Mhusika anajengewaje wasomaji ndani ya matoleo matano?

Halafu 2016. Mwaka huo sitausamehe.

Kwenye komiki ya Civil War II, mwandishi Brian Michael Bendis anatuonyesha Rhodey akiwa Ikulu ya Marekani. Rais anamwambia anamtaka awe Waziri wa Ulinzi, na huko mbele hata kiti cha urais kinawezekana. Unasoma unapata matumaini: hatimaye kuna mtu ameona kwamba afisa huyu, mhandisi huyu, rubani huyu, ana safari yake mwenyewe. Toleo linalofuata Thanos, adui katili kutoka anga za mbali, anamuua. Carol Danvers, yaani Captain Marvel, ambaye ni mpenzi wake, anaomboleza. Tony anaomboleza. Wanagombana wao wawili kwa matoleo yote yaliyobaki, na marehemu anageuka hoja ya kutupiana. Ile ahadi ya Ikulu iliwekwa pale ili kifo kiume zaidi, basi. Alirudishwa 2018 kwenye Invincible Iron Man namba 600. Namsifu mwandishi Dan Slott kwa jambo moja: baada ya hapo alimwandika Rhodey akiwa anaogopa kuingia tena kwenye vazi alilofia. Hilo ni jambo la kweli kwa mwanajeshi. Lakini ilibidi afe kwanza ndipo apewe ukurasa wa kuwaza.

Mwaka huo huo wa 2016, wiki chache tu kabla ya komiki ya Civil War II, kwenye muvi ya Captain America: Civil War, Vision wa upande wa Tony anamlenga Falcon (Sam Wilson) wa upande wa pili pale uwanja wa ndege wa Leipzig, Falcon anakwepa, mwale unampiga Rhodey kifuani. Mtambo unazima. Rubani anaanguka kutoka angani hana la kufanya, Tony na Sam wanamkimbilia wasimfikie. Anapooza. Inayofuata ni sura ya Tony. Kila mtu anakumbuka sura ya Tony.

Kuna mtu atasema muvi ilimtendea haki kwa yale mazungumzo ya baadaye, akijifunza kutembea na vyuma vya miguuni. Ndiyo, na nitayataja kwa sababu yanathibitisha ninachosema. Rhodey anamwambia Tony amerusha misheni 138 za vita, kila moja ingeweza kuwa ya mwisho, na alizirusha kwa sababu vita ile ilihitaji kupiganwa. Mwigizaji wake, Don Cheadle, anaisema bila kupandisha sauti na inakupiga kifuani. Misheni 138! Tuonyesheni hata moja. Tangu 2008 hatujaona. Katika Iron Man ya kwanza, Terrence Howard akiwa Rhodey, yuko kambi ya Edwards akiwaambia vijana wa Jeshi la Anga kwamba hakuna ndege isiyo na rubani itakayoshinda hisia za rubani aliye ndani ya chombo. Hapo kuna muvi nzima! Mtu anayeamini hivyo, anaingia kwenye suti inayojirusha yenyewe kwa kompyuta, anabakije rubani? Swali walilianzisha wao wenyewe na hawakurudi kulijibu.

Badala yake wakatupa tamthilia ya Secret Invasion, 2023. Sehemu sita. Tunaambiwa Rhodey tunayemwona ni Skrull, kiumbe wa sayari nyingine anayejigeuza sura, anayeitwa Raava, na Rhodey halisi anakutwa kwenye kizimba mwishoni, amevaa gauni la hospitali, miguu haimbebi. Gauni la hospitali, jamani. Mashabiki karibu wote tulilisoma kwa namna moja: alitekwa baada ya Leipzig, 2016. Kama ni hivyo, hakuwepo vita ya Wakanda. Hakuwepo safari ya sayari ya Morag na mwenzake Nebula. Hakusimama kwenye mazishi ya rafiki yake. Yale maneno na Sam Wilson kuhusu ngao ya Captain America, 2021, hayakuwa yake. Miaka ya maisha ya mhusika ilifutwa kwa ajili ya mshtuko wa dakika moja kwenye hadithi ya jasusi Nick Fury, na baada ya dakika hiyo hakuna aliyekaa naye kumuuliza: unajisikiaje, kaka, ukiambiwa Tony amekufa na umezikosa siku zake za mwisho?

Armor Wars, hadithi ya Rhodey mwenyewe, ilitangazwa Desemba 2020 kama tamthilia. Mwaka 2022 wakasema itakuwa muvi. Hadi naandika hapa, hatujaiona.

Na msinijibu kwamba mhusika msaidizi ndivyo alivyo, lazima ateseke ili steringi apande. Mtazameni Carol Danvers. Naye ni rubani wa jeshi, naye alianza 1968 kama mtu wa pembeni kwenye hadithi za Captain Marvel wa kwanza, mwanamume wa Kikree (taifa la sayari nyingine). Alionewa sana miaka ya nyuma, hilo halina ubishi. Lakini 2012 Kelly Sue DeConnick alipoichukua kalamu alifanya jambo rahisi: alimwandika kama rubani. Akampa ndege ya kizamani, T-6, akampa rubani mkongwe wa kumuenzi, akampa rekodi ya kuivunja angani. Tukajua anawaza nini akiwa juu. Ndiyo maana leo ana jina kubwa. Rhodey hajawahi kupata mwandishi wa kumkalisha ndani ya chombo kimoja tu, bila Stark kwenye redio, tukamsikia anavyofikiri.

Ninachotaka ni hicho. Hadithi moja ya misheni moja kati ya zile 138. Mnaojua toleo lolote ambalo Rhodey anarusha ndege kwa ajili yake mwenyewe na anatua salama, liwekeni hapa na namba yake tulisome. Na yule mdau wa suti ya kuazima, nakusubiri, anza na Iron Man namba 144 kisha uje tuongee.