Naomba ushauri: kinga ya paa la zamani la mabati lenye mteremko mdogo

Waungwana, nawasalimu. Nyumba ya familia yetu iko Tanga, karibu na bahari, na imeezekwa kwa mabati ya zamani yenye mteremko usiozidi nyuzi 5, kwa hiyo wakati wa masika maji hutuama kwenye maungio badala ya kushuka upesi. Hewa ya chumvi imekwisha kula zinki inayokinga bati sehemu nyingi na kutu imeanza, ingawa bati lenyewe bado ni gumu na halijatoboka, isipokuwa kando ya misumari ambayo washa zake za mpira zimepasuka.

Fundi ananishauri nipake lami. Nasita, maana maji ya paa hili tunayakinga kwenye tangi kwa ajili ya kunywa, na weusi wake utaongeza joto ndani. Rangi nyeupe ya akriliki (ya plastiki, inayochanganywa na maji) ingerudisha miale ya jua, lakini hulainika na kubanduka pale maji yanapotuama kwa muda mrefu. Rangi ya silikoni, inayokauka kama mpira, huyavumilia maji hayo vizuri zaidi, ila ni ghali, huteleza ikilowa, na ukishaipaka ni vigumu rangi ya aina nyingine kushika juu yake.

Naomba aliyewahi kushughulikia paa la namna hii pwani anieleze iwapo, baada ya kusugua kutu kwa brashi ya waya na kuosha chumvi yote, praima (rangi ya kwanza) ya kuzuia kutu inatosha chini ya silikoni, au maungio yanahitaji kwanza kuzibwa kwa kitambaa kinacholoweshwa rangi. Zaidi ya yote, ni kinga ipi iliyothibitishwa kuwa salama kwa maji ya kunywa?