Mgonjwa wa dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili kufifia): zahanati impokee na kumfuatilia, au tuendelee kuzunguka naye?

Mleta mada (Mtoni kwa Azizi Ali)

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mama yangu ana miaka 73. Alikuwa mpika vitumbua, mtaa mzima unamjua. Mwaka juzi alianza kutia hamira mara mbili, kisha akawa anamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mdogo wake. Mwaka jana alipanda daladala kwenda sokoni Temeke. Tulimpata usiku Mbagala Rangi Tatu, hana viatu.

Tangu hapo nina madaftari matatu. La zahanati limeandikwa presha. La hospitali ya wilaya, uzee. La hospitali ya rufaa limeandikwa dimenshia, pamoja na dawa ya usiku ya kumtuliza. Dawa ile ikamlegeza, akaanguka bafuni. Muuguzi anayempima presha kila mwezi hakujua kama anaimeza, maana hakuna aliyewahi kufungua daftari la mwenzake. Anayeunganisha yote matatu ni mimi, muuza mitumba.

Hoja yangu ni kwamba mama apate mtu mmoja pale zahanati anayejua habari zake zote: jina lipo kwenye rejista, tarehe ya kurudi ipo, asipotokea anaulizwa. Tumeshaona inawezekana. Dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004 zilikuwa za hospitali kubwa. Leo mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, ana kadi na namba yake, na akikosa tarehe anafuatwa hadi nyumbani.

Wengine watasema hatuna mabingwa. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta zaidi ya wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huu, na kikatengenezwa kipimo kifupi kinachomfaa hata ambaye hakukanyaga shule. Sehemu yake moja mzee anaonyeshwa umbo la njiti nne za kiberiti, naye alipange vilevile. Hilo linahitaji bingwa?

Tabibu wa zahanati, Temeke

Pole sana dada. Nakupinga, lakini si kwa ubaya.

Asubuhi benchi limejaa watoto wenye homa. Mzee anayesahau anataka nusu saa, tena akiwa na ndugu anayeishi naye, na mara nyingi anayemleta ni mjukuu asiyejua hata anakula nini. Njiti zitaniambia kuna shida, hazitaniambia ni shida gani. Tezi ya shingo ikilegea, vitamini B12 ikipungua, sonona, hata maambukizi ya mkojo, vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na vingine vinatibika. Vipimo vya tezi na B12 sina.

Halafu MTUHA, yaani vitabu vya serikali vya kuhesabu wagonjwa. Pale kwangu mgonjwa kama mama yako naishia kumweka kwenye "magonjwa mengine". Mwisho wa mwezi ripoti inakwenda wilayani, yeye hayumo. Utaniombea mtumishi kwa mgonjwa asiyehesabiwa?

Na CTC unayoisifu ilibebwa na fedha za wafadhili. Ilikuwa na dawa inayofanya kazi. Donepezili, dawa ya dimenshia, inawapunguzia baadhi dalili kwa muda, haiuzuii ugonjwa. Nikishamwambia ndugu jina la ugonjwa, namkabidhi nini?

Mchangiaji, Kigamboni

Uzee ni uzee jamani. Bibi yetu alisahau mpaka majina yetu, tukamlea wenyewe mpaka Mungu alipomchukua. Hatukuhitaji rejista.

Mleta mada

Kaka wa Kigamboni, hao "sisi" ni akina nani? Nani alikuwa anamwogesha, nani aliacha biashara yake? Kwetu ni mimi tu. Kaka zangu wanatuma hela, Mungu awabariki, lakini usiku mama akitaka kutoka "aende kwao" nashika mlango peke yangu. Shangazi alisema karogwa, tukapoteza miezi minne na fedha kwa mganga. Neno "uzee" limetuchelewesha sawasawa na neno "karogwa". Wazee wengi wanazeeka bila kupotea njia ya nyumbani kwao.

Daktari, la fedha nalikubali. Ndiyo maana siombi jengo jipya. Kliniki ya presha na sukari ipo, ina siku yake na daftari lake, na wazee hawa wengi wamo humo tayari. Presha ya umri wa makamo isiyodhibitiwa yenyewe inaongeza hatari ya ugonjwa huu. Tuanzie hapo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita majumbani, waongezewe maswali matatu. Na unaniuliza utanikabidhi nini? Ungeniambia mapema nisibishane naye, niondoe kapeti bafuni, nimshonee namba yangu ya simu kwenye gauni. Hayo nimejifunza baada ya yeye kuumia.

Tabibu wa zahanati, Temeke

Kwenye kliniki ya presha tunakutana, dada. Hilo naweza kulipeleka kwenye kamati ya zahanati, wajumbe wa mtaa wamo. Bado moja. Mama asipotokea siku yake, nani anapiga simu, na vocha ni ya nani? Za wale wanaokosa tarehe ya presha natoa mfukoni kwangu, na mwezi huu nimeacha kuwapigia.