Naomba ushauri: Mpwa wangu ajifunze kwa nani, Sinner au Alcaraz?

Mjomba wa Malindi

Assalamu alaykum ndugu na dada zangu wapenzi wa tenisi. Ninaye mpwa wangu, binti wa miaka 13, anayejifunza mchezo huu hapa Malindi katika uwanja wa saruji wa hoteli iliyo jirani nasi, ambako tumeruhusiwa kucheza asubuhi kabla wageni hawajaamka. Anapiga mpira vizuri kwa umri wake, na tangu atazame Wimbledon ya 2025 hataki kusikia jina lolote isipokuwa la Mhispania Carlos Alcaraz. Kinachonishughulisha ni kwamba ameanza kuiga lile pigo lake la kuudondosha mpira nyuma tu ya wavu, na hulipiga wakati wowote, hata pale ambapo mpinzani amekwisha kusogea mbele akiusubiri.

Nitasema wazi msimamo wangu. Kwa mtu anayejifunza, mchezaji wa kutazamwa ni Mwitaliano Jannik Sinner, na sisemi hivyo kwa sababu Malindi imejaa Waitaliano, ingawa usiku ule wa fainali ya Wimbledon majirani zetu walishangilia mpaka tukaenda kulala bado wanaimba. Nasema hivyo kwa sababu ya jambo alilolifanya baada ya kushindwa. Tarehe 8 Juni 2025, katika fainali ya Roland Garros, yaani mashindano makubwa ya Ufaransa, alikuwa na pointi 3 za kuchukua ubingwa mbele ya Alcaraz, zikampotea zote, na mechi ikamponyoka baada ya saa 5 na dakika 29. Ilikuwa mara ya tano mfululizo kufungwa na mtu yule yule. Wiki tano baadaye walikutana tena Wimbledon, akapoteza seti ya kwanza, kisha akashinda tatu zilizofuata, kila moja kwa gemu 6-4, akawa Mwitaliano wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja. Hakubuni mchezo mpya siku ile. Aliendelea kuupiga mpira kwa nguvu na kwa kina, akiwa karibu na mstari wa nyuma, pigo baada ya pigo, na uso wake haukuonyesha kama anaongoza au anafuata.

Naomba mnishauri: nimwelekeze mtoto amtazame Sinner, au nimwache na Alcaraz wake? Na nikimwelekeza, nifanyeje asije akauchukia mchezo kwa sababu yangu?

Raketi ya Langoni

Wa alaykum salaam, mjomba. Nakuandikia kutoka Lamu, na kwa heshima zote sikubaliani nawe. Pigo analolipenda binti si la mzaha, na Alcaraz halipigi ovyo. Mtazame vizuri: kwanza humsukuma mpinzani nyuma kwa forihendi nzito (mapigo ya upande wa mkono wake wa raketi) mara mbili au tatu, mpaka yule mtu anasimama hatua kadhaa nyuma ya mstari kwa kuogopa mpira unaoruka juu, na ndipo kwa mkono ule ule na maandalizi yale yale huudondosha mpira mfupi. Anachokosa mpwa wako ni zile forihendi za kutangulia. Mwambie kwamba hana ruhusa ya kudondosha mpira kabla hajamrudisha mwenzake nyuma ya mstari, na utaona atalitafuta pigo refu kwa hiari yake, kwa kuwa ndilo litakalomfungulia pigo analolitaka.

Kuhusu fainali ya Roland Garros, wewe umeitaja kama hasara ya Sinner, nami naiona kama ushahidi wa upande wa pili. Mtu aliyekuwa nyuma kwa seti mbili, na katika seti ya nne yuko nyuma 3-5 na 0-40, amebakiza pointi moja tu kufungwa, kisha akashinda, anacho cha kumfundisha mtoto. Na katika fainali ya US Open, mashindano makubwa ya Marekani, Septemba ya mwaka huo huo, Alcaraz alimshinda Sinner tena kwa seti tatu kwa moja.

Bi Sabaki

Ndugu zangu, nimewasoma nyote wawili na nimeshangaa kwamba mnamzungumzia binti na hakuna aliyemtaja mwanamke hata mmoja.

Kama analipenda pigo la kudondosha, kwa nini asionyeshwe mechi za Ons Jabeur? Yule Mtunisia alikuwa na mkono laini kuliko wengi wa wanaume mnaowasifu, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Kiafrika na wa Kiarabu kufika fainali ya Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi, tangu enzi ya wachezaji wa kulipwa ianze mwaka 1968. Sisi wa Pwani tulimlilia alipofungwa fainali mbili za Wimbledon, 2022 na Elena Rybakina, na 2023 na Marketa Vondrousova, na mimi sioni aibu kusema kwamba ile ya pili inaniuma hadi leo. Jabeur alipigania pointi nyingi kwa akili, akichanganya mpira mfupi, mpira wa juu na mpira wa kukata, na ufundi huo ndio utakaomfaa mtoto asiye na mabavu ya Alcaraz.

Lakini mjomba, ikiwa unachokitafuta hasa ni namna ya kubeba kushindwa, basi mfano wako wa Sinner unazidiwa. Wimbledon hiyo hiyo ya 2025, Amanda Anisimova alimtoa Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia, katika nusu fainali, kisha akaingia fainali na kufungwa na Iga Swiatek 6-0, 6-0 kwa dakika 57. Hakupata hata gemu moja mbele ya dunia nzima. Akasimama na kipaza sauti huku akilia, akamshukuru mama yake aliyesafiri kuja kumtazama. Haikupita miezi miwili, walikutana tena katika robo fainali ya US Open, na Anisimova akashinda 6-4, 6-3. Mketishe binti azitazame mechi zote mbili kwa mfuatano, na umwache aseme mwenyewe ni nini kilichobadilika.

Wala asimsahau Angella Okutoyi wetu, Mkenya aliyelelewa na bibi yake, akatwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mmoja wa wasichana wawili waliofungwa nao katika fainali ile ni Victoria Mboko, ambaye mwaka 2025 alishinda mashindano makubwa ya Canada kwa wakubwa.

Mpenzi wa Haki

Kabla ya kumfanya Sinner kuwa mfano wa mtoto, ikumbukwe kwamba mwaka 2025 alifungiwa miezi 3 kwa sababu ya dawa iliyokatazwa iliyokutwa mwilini mwake.

Mjomba wa Malindi

Ndugu Mpenzi wa Haki, ni kweli, na binti ameshaniuliza. Nilimweleza kama ilivyo: klostebol, dawa ya kukuza misuli iliyokatazwa michezoni, ilikutwa kwa kiasi kidogo sana Machi 2024, ikakubaliwa kwamba ilitoka kwenye mikono ya mtu wa timu yake aliyekuwa akimkanda na kwamba hakukusudia kudanganya, lakini adhabu ikatolewa kwa sababu mchezaji huwajibika kwa watu wake. Sitaki kumficha jambo hilo.

Kocha Mstaafu

Mzee mwenzangu, nimefundisha watoto katika viwanja vya hoteli pwani yetu hii, na nina mambo mawili ambayo hayajasemwa.

La kwanza, angalia wavu wako. Katikati unatakiwa uwe na urefu wa sentimita 91, na nyavu nyingi za hotelini hulegea kwa jua na chumvi. Chukua raketi mbili, simamisha moja wima na uweke ya pili juu yake kwa upana wa kichwa, nawe utakaribia kipimo hicho. Wavu ukiwa umelegea, pigo la kudondosha hupita kwa urahisi wa uongo.

La pili ni upepo. Wimbledon huchezwa katika msimu wetu wa kusi, na mtoto akitoka kwenye televisheni hukimbilia uwanjani kuiga. Nyasi za Wimbledon huufanya mpira uruke chini na kuteleza, kwa hiyo mpira mfupi hufia pale pale. Kwenye saruji hudunda na kumngoja mpinzani, na kusi ikivuma unaweza kubebwa mpaka nje ya mstari wa pembeni. Kwa hiyo mazoezi ya asubuhi yawe ya mapigo marefu, na pigo la kudondosha alifanyie mazoezi mwishoni, akiwa amesimama ndani ya uwanja.

Mjomba wa Malindi

Nawashukuru nyote. Bi Sabaki, mechi mbili za Anisimova tutazitazama Ijumaa, na za Jabeur zitafuata. Sharti la ndugu wa Langoni nimeshamweleza binti, naye amelikubali kwa furaha kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa halimnyang'anyi Alcaraz wake. Bado nashikilia kwamba kwa bekihendi ya mikono miwili, yaani pigo la upande wa pili wa mwili, hakuna wa kuigwa kama Sinner.

Kocha, tumeupima wavu: umelegea kwa upana wa vidole vinne. Hauna ukanda wa katikati wa kuuvuta chini, kwa hiyo tukiukaza kwenye nguzo unapanda kupita kiasi. Je, ukanda huo unaweza kushonwa na fundi wa matanga, na ndoana yake ifungwe vipi kwenye saruji bila kuharibu uwanja wa wenyewe?