Hadithi za dunia ambayo uchawi unaisha, zilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Wapenzi wa hadithi za kufikirika tupeane uzoefu, hasa zile ambazo dunia yao ilikua na uchawi na sasa unaisha. Sio uchawi wa kurogana, nazungumzia nguvu inayokaa kwenye maneno.

Naanza mimi. Nimemaliza kidato cha nne niko tu home Kibosho nasubiri matokeo, nikashuka Moshi mjini pale soko la Memorial kutafuta viatu, nikakuta jamaa kamwaga vitabu kwenye turubai, nikaokota The Farthest Shore ya Ursula Le Guin, ya 1972, jalada halipo, hata sikujua ni cha 3 kwenye mfululizo wa Earthsea. Kule mchawi anakiweza kitu kwa kujua jina lake la kweli. Sasa habari zinafika kisiwa cha Roke kwamba huko mbali wachawi wanasahau maneno, waimbaji wanasahau nyimbo, na hakuna vita wala nini, yanapotea tu.

Aisee iliniingia, maana bibi alikua bado hai, na akikata jani la isale kwenda kuomba msamaha kwa mtu kuna maneno alikua anasema kwa Kichaga cha zamani, mama anaelewa nusu, mimi naambulia salamu. Nikamfata jikoni nikamwambia bibi nisemee polepole niandike. Tulifika ukurasa wa 4 wa daftari akafariki. Inaniuma mpaka leo.

*

Pole sana mkuu. Mimi wa Arusha, nimeusoma huo mfululizo kwenye simu ndani ya kifodi naenda kazini. Kilichonibaki ni Ged, mchawi mkuu kabisa, anaziba ule mlango uliokua unavujisha uchawi wote, nguvu zake zinaishia palepale, anarudi kwao Gont mtu wa kawaida. Mzee wangu alikua fundi saa, mikono ikaanza kutetemeka akafunga meza mwenyewe. Nilivyomsimulia akauliza, "Sasa huko kwao akawa anafanya nini?" Nikamwambia kwenye kitabu kinachofuata anachunga mbuzi. Akakaa kimya muda, halafu akaniambia niendelee kusimulia.

*

Mleta mada, daftari bado unalo?

*

Ninalo. Kuna maneno mawili sijapata wa kunielezea, kama una mzee wa Kibosho anayekumbuka naomba uje inboksi.