Naomba ushauri: mgogoro wa kiwanja Kilifi na hofu ya kukamatwa

Ndugu wanachama, salaam. Mwaka 2021 nilimuuzia jirani kiwanja cha marehemu baba hapa Kilifi, mirathi ikiwa imekamilika na hati imeshahamishiwa jina langu. Sasa ametokea mtu mwenye hati nyingine ya kiwanja hichohicho, na mnunuzi ameripoti polisi kwamba nilijipatia fedha kwa udanganyifu.

Nimefungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ili ijulikane hati ipi ni halali. Vilevile nimekwenda kituoni mara mbili kwa hiari yangu, nikaandikisha taarifa na kuacha nakala ya mkataba, ule wenye alama ya dole gumba la mama kama shahidi. Hata hivyo, afisa mpelelezi alinipigia simu Ijumaa jioni akitaka nifike mara moja. Nilikwenda na wakili na nikaruhusiwa kurudi, lakini hofu imebaki, kwa kuwa zile saa 24 za Ibara ya 49 ya Katiba, ambazo ndani yake aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani, zikiishia siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata, na mama yangu mgonjwa ananitegemea mimi peke yangu.

Natambua kwamba kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu kesi ya madai na ya jinai ziende sambamba, hivyo siombi uchunguzi usimamishwe.

Je, Mahakama Kuu hutoa dhamana ya kabla ya kukamatwa pale ambapo ushahidi wa tishio ni simu tu, bila wito wa maandishi? Na je, wakili aombe kwanza dhamana ya polisi?