Gari la spoti la kwanza: gia za mkono au otomatiki?

MkaziWaKimara

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wenu kabla sijatuma fedha Japani. Nimeweka akiba kwa miaka minne ili ninunue gari la spoti la kwanza maishani mwangu, na baada ya kupima mengi nimetulia kwenye Toyota 86 ya mwaka 2013 au 2014, kwa sababu ni jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake ya lita 2.0 imetengenezwa na Subaru, ambao mafundi wetu wanawafahamu. Kilichobaki kunikosesha usingizi ni giaboksi.

Udereva nilijifunzia kwenye gari la gia za mkono, lakini kwa miaka sita sasa naendesha IST ya otomatiki na mguu wangu wa kushoto umesahau kazi. Naishi Kimara na nafanya kazi Posta, kwa hiyo wanaoijua Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi watanielewa. Mwisho wa mwaka huwa nakwenda Iringa kwa wazazi, kupitia mlima wa Kitonga. Rafiki zangu wanasema gari la spoti lisilo na klachi halistahili jina hilo, ilhali mke wangu anauliza yeye ataliendeshaje. Ninyi mliokaa na magari haya mnanishauri nini?

FundiKijenge

Ndugu, ninayo 86 ya gia sita za mkono, huu ni mwaka wa tatu, na magari ya namna hii huyatengeneza hapa Arusha. Kwanza nikusahihishe kidogo: injini hiyo ni FA20, si EJ20, ile ya zamani ya Subaru ambayo mafundi wengi wameizoea, kwa hiyo mtafute mapema fundi aliyekwisha kuifungua.

Jambo ninalotaka ulielewe kuhusu gari hili ni kwamba halina tabo (turbo), yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Nguvu zake za farasi 200 zinapatikana injini inapofika mizunguko 7,000 kwa dakika, na katikati, karibu na mizunguko 4,000, kuna mahali ambapo injini inalegea kwa namna unayoihisi kabisa mgongoni. Mwenye gia za mkono anapaona mahali hapo na kupavuka kwa kuchagua gia mapema, hasa akiwa kwenye kona ya kupanda. Ndiyo maana nasema gari hili, kuliko mengi mengine, linamfundisha dereva. Katika miezi mitatu ya mwanzo nilijifunza mambo kuhusu uzito wa gari na mshiko wa matairi ambayo sikuyajua katika miaka kumi ya kuendesha.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Asubuhi za Juni na Julai za baridi yetu, gia ya pili hukataa kuingia kwa upole mpaka mafuta ya giaboksi yapate joto, na ukiilazimisha utaisikia ikikwaruza. Ukipata la gia za mkono, simama karibu na injini ikiwa inaunguruma bila mwendo, kisha mwambie mtu akanyage klachi na kuiachia. Mlio kama wa ndege mdogo unaokuja au kutoweka klachi inapokanyagwa ni wa beringi ya klachi, na kuibadilisha ni lazima giaboksi ishushwe. Ikishushwa, badilisha na sahani ya klachi kwa mara moja, kwa maana gharama kubwa ni ya kushusha.

DadaWaTegeta

Kaka, mimi ninalo hilohilo la otomatiki, na ninakwenda mjini kila siku. Naheshimu maneno ya fundi, lakini yeye yuko Arusha. Kabla ya hili nilikuwa na gari la gia za mkono, na bado nakumbuka jioni moja ya mvua ambapo kutoka Mwenge hadi Makongo nilitumia saa mbili, nikikanyaga na kuachia klachi kwa kila hatua ya mita tatu, hadi goti likaanza kutetemeka na harufu ya klachi iliyoungua ikaingia ndani ya gari. Niliposhuka nyumbani sikutaka kuliona tena, na gari la spoti ambalo hutaki kuliona utakuwa umelinunulia nini?

Wanaolidharau la otomatiki wengi hawajaliendesha. Giaboksi yake ni ya gia sita halisi, wala si CVT, ile ya mkanda isiyo na gia maalumu. Ukiliweka kwenye hali ya spoti na kutumia vibonyezo vya nyuma ya usukani, linapandisha mzunguko wa injini lenyewe kabla ya kushusha gia, na ukiliweka kwenye M, yaani hali ya kuchagua gia mwenyewe, linabaki katika gia uliyoichagua. Kwa vipimo vya kiwandani vya Ulaya, la mkono linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 7.6 na la otomatiki kwa sekunde 8.2, lakini kwa mafuta la otomatiki linatumia lita 7.1 kwa kilomita 100 dhidi ya 7.8. Kitonga nimeishuka nikiwa kwenye gia ya pili kwa kibonyezo, bila kuchosha breki, nyuma ya malori yaliyokuwa yanatoa moshi kwenye magurudumu.

Tena swali la mke wako si dogo. Siku utakapougua, nani atakupeleka hospitali kwa gari hilo?

MsafiriWaThika

Nawasalimu kutoka Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo nawaonea wivu ninyi mnaoweza kuleta la 2013, ingawa kwenu kuna ushuru wa ziada kwa magari makuukuu na ni vyema uuhesabu kabla ya kulipa.

Mimi nashauri uanze na gari lenyewe unaloletewa, ndipo uje kwenye aina ya giaboksi. Soma kwa makini karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari. Palipoandikwa F6 maana yake ni gia sita za mkono, na FAT ni otomatiki. Alama ya R au RA inaonyesha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Magari ya gia za mkono ya aina hii huko Japani hupendwa na vijana wa kuserereka kwenye viwanja vya mashindano, kwa hiyo ukiona silensa imebadilishwa, springi zimefupishwa na kiti cha dereva si cha kiwandani, jiulize klachi na difu zimepitia nini. La otomatiki mara nyingi lilikuwa la mtu wa kwenda kazini. Na usivutiwe na bei ya toleo la 86 liitwalo RC: lilikuwa la gia za mkono tu, lenye bampa zisizopakwa rangi, na liliuzwa bila kiyoyozi. Kwa joto la Dar es Salaam hilo ni kosa ambalo utalijutia kila mchana.

Onyo jingine, kama utaanza kutazama gari jingine la spoti, Subaru WRX: toleo la S4 la Japani la miaka hiyo lilikuja na CVT pekee, na toleo la STI la kizazi hichohicho na gia za mkono pekee. Huko kuchagua giaboksi ni kuchagua gari jingine kabisa. Kwenye 86 una bahati kwamba gari ni lilelile.

MkaziWaKimara

Nawashukuru sana. Dada wa Tegeta, maneno yako kuhusu goti yamenigusa, kwa sababu ndiyo hofu yangu hasa. Ila niseme ukweli wa moyo wangu: IST tunabaki nayo, na mke wangu ndiye ataitumia. Mimi siku tatu kwa wiki naweza kupanda basi la mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Kwa hali hiyo, Fundi, bado unasema gia za mkono?

FundiKijenge

Kama IST inabaki na mwendokasi upo, basi ndiyo, bila kusita. Lakini usitume fedha wiki hii. Azima pikapu ya gia za mkono kwa ndugu au jirani, uiendeshe foleni ya jioni siku tano mfululizo, na siku ya sita itafutie mlima, usimame katikati yake, uvute hendibreki, uachie klachi taratibu mpaka usikie pua ya gari inainuka kidogo na sauti ya injini inazama, ndipo uiachie hendibreki. Ukiweza kufanya hivyo mara kumi bila kurudi nyuma hata hatua moja na bila injini kuzimika, nitumie karatasi za mnada tuzisome pamoja.