Picha za marehemu baba mkubwa: hii treni ya "Mount Meru" ilipigwa Arusha kweli?

Pasua_Boy
Wakuu habari za mchana. Baba mkubwa alikuwa fundi wa reli tangu enzi za ile Jumuiya ya zamani, ametutoka mwaka jana, juzi tunasafisha chumba chake hapa Moshi tukakuta boksi la viatu limejaa picha za treni tupu, yaani za binadamu unazihesabu kwa vidole. Nyingi zinaeleweka, stesheni yetu, Kahe, magunia ya kahawa yanapakiwa kwenye behewa. Ila moja imeleta ugomvi ukoo mzima. Ni kichwa cha mvuke kikubwa mno, boila katikati halafu matangi mbele na nyuma, kina kibao MOUNT MERU, namba naona 59 halafu mguu wa baba mkubwa umeziba zilizobaki. Wazee wanasema Arusha hiyo, si imeandikwa Meru. Mi naona hata mlima haupo. Pia kuna kadi ya zamani sana, kitroli juu ya vijireli katikati ya mtaa, mzungu kakaa na watu wawili wanamsukuma, hapo ni wapi?

mataruma_ya_chuma
Pole na msiba mangi. Wazee wamepotea hapo. Hiyo ni aina ya kichwa cha mvuke inaitwa Garratt, klasi ya 59, zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock kule Manchester, zikaja 1955 na 1956, wakazipa majina ya milima ya Afrika Mashariki, ndo hiyo Meru. Dude lina tani 250 na ushee na kila ekseli inakandamiza tani 21, reli yetu ya huku nyepesi isingelibeba hata kidogo, mjerumani alianza Tanga 1893 akafika Moshi 1911 na kipande cha kwenda Arusha kikaja 1929 enzi za mwingereza. Kazi ya 59 ilikuwa Mombasa–Nairobi. Arusha hiyo Meru haijawahi kukanyaga.

Kitroli ni Mombasa, miaka ya 1900 mwanzoni, wakubwa walikuwa wanasukumwa hivyo hivyo mjini kabla ya magari.

chugga_diesel
Sikubali. Mjomba wangu alisema kaendesha 59 mpaka Moshi.

mataruma_ya_chuma
Mjomba katia chumvi, muulize reli nyepesi ilimbebaje

Bibi_wa_Njoro
Wanangu mi za mvuke nazikumbuka, zilikuwepo Moshi ila si majitu hayo. Tulikuwa tukienda Tanga unapanda jioni, ukiamka nguo zina masizi, Korogwe watoto wanapandisha machungwa dirishani unanunua huku treni inaanza kutembea na chenji hujapewa. Shuleni walitudanganya eti mji umeitwa Moshi sababu ya moshi wa treni! Jina lilikuwepo huko Old Moshi, mji ndo ulishuka huku chini kufuata reli. 2020 treni iliporudi Arusha nilimwambia mjukuu anipeleke, nikakaa dirishani kama mtoto.

kahe_junction
@Pasua_Boy usikate tamaa, picha yako ni ya thamani kuliko ingekuwa ya Arusha. Shirika lilikuwa moja Kenya, Uganda na Tanganyika, mfanyakazi alihamishwa popote, na kutoka Kahe kulikuwa na njia ya Taveta hadi Voi kule Kenya, waingereza waliijenga wakati wa vita kuu ya kwanza, Voi ndo unakutana na laini kubwa zilipokuwa zinapita hizo 59. Jumuiya ilipovunjika 1977 wengi ndo wakarudi nyumbani. Makumbusho ya reli Nairobi zimebaki mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, yaani moja mlima wa Arusha na nyingine wa Same, zote ziko kwa jirani hahaha. Geuza picha uangalie nyuma, wazee walikuwa wanaandika kwa penseli.

Pasua_Boy
Nimegeuza. Kuna "Voi" na mwaka umefutika, inaonekana 196 tu. Nimempigia mama mkubwa anasema mbona baba mkubwa alikaa Voi miaka miwili, kabla hawajaoana, hakuna aliyemuuliza. Sasa wazee wamehamia kwenye ugomvi mwingine, yule dada aliyesimama pembeni kashika kikapu ni nani.